Gogo Lenye Jiwe Juu Yake

Meneja aliniuliza swali moja tu, na ningelijibu kwa ukweli, kazi yangu yote ingekwenda njia nyingine. Tulikuwa Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tumesimama mbele ya gogo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Lilikuwa la kijivu, gumu, limejipinda kama kiwiko cha mkono. Juu yake palikuwa na jiwe.

"Hili jiwe lina maana yoyote?" akauliza.

Nikasema, "Hapana, bosi. Ufukwe wote ni mawe."

Tukalipakia kwenye boti.

Ninyi vijana mnaokuja kwangu hapa Ujiji kuuliza namna ya kuandaa mti wa kuweka katika tangi la samaki nyumbani, nitawaeleza kazi hii kama nilivyofundishwa. Lakini siwezi kuieleza bila kumtaja Mzee Kiza, na siwezi kumtaja Mzee Kiza bila jiwe lile.

Niliajiriwa mara baada ya kumaliza kidato cha nne, katika kituo cha samaki wa mapambo kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Kigoma. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, nikidhani nitapewa kalamu. Msimamizi wa banda la miti, ndiye Mzee Kiza, alinitazama kuanzia kola hadi viatu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unakwenda harusini?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kazini."

"Basi vua hilo shati, bwana harusi, mke wako yuko ndani ya pipa."

Ndani ya pipa mlikuwa na gogo linalochemka. Jina la Bwana Harusi likanishika kituoni kwa miaka.

Mti tuliotumia ni ule ambao ziwa limeuchezea muda mrefu kisha likautema. Mti mbichi haufai, kwa sababu utomvu wake hutoka polepole na kuua samaki. Tulianza kwa kubandua gome lote, maana chini yake hubaki wadudu na uozo. Kisha tulisugua kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni ilikuwa mwiko, kwa kuwa mti huinywa na kuitapika baadaye ndani ya tangi. Baada ya hapo tulichemsha. Gogo lisiloingia katika pipa tulilimwagia maji ya moto kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi.

Kuloweka ndiko kulikohitaji subira. Mti hutoa rangi kama ya chai. Maji ya Tanganyika ni mazito kwa madini na samaki wake wameyazoea hivyo, ilhali rangi ile huyachachua. Kwa hiyo tulibadilisha maji na kuloweka tena, hata kwa majuma, mpaka yabaki meupe na gogo lizame lenyewe. Lililogoma kuzama tulilifunga kwenye jiwe bapa. Mwisho tuliliweka na samaki wachache wa majaribio kabla ya kulitoa kwa mteja.

Mzee Kiza hakuhitaji hao samaki wa majaribio. Alikwangua mti kwa ukucha, akaupeleka puani, akafumba macho. "Huu una mafuta ya taa, ulikuwa mtumbwi wa dagaa." Au, "Huu ni mnyaa, utomvu wake ni sumu, tupa mbali, unawe mikono." Sikumwona akikosea. Aliniahidi kwamba nikishajua kusugua na kuloweka bila kusimamiwa, atanifundisha kunusa.

Alinifundisha pia sheria ya ufukweni. Gogo likiletwa na maji ni la anayeliona. Akishalivuta juu na kuweka jiwe, ni lake, hata akiliacha msimu mzima. "Mimi nazunguka vijiji vyote hivi naokota," aliniambia, "na hakuna anayeniuliza, kwa sababu sijawahi kugusa jiwe la mtu."

Sasa mnaelewa nililolijua siku ile Kagunga. Mzee Kiza alikuwa nyumbani na homa. Hoteli moja ilitaka gogo kubwa kwa tangi la ukumbini, na meneja, mtu mchapakazi asiye mkazi wa huku, alikuwa amenidokeza njiani kwamba banda litahitaji msimamizi msaidizi. Sikutaka kumrudisha mikono mitupu. Jiwe lile nililitua chini kwa mikono yangu.

Tulipofika kituoni tulilikata lile gogo ncha moja ili lienee katika tangi, tukaanza kulichemsha. Kabla juma halijaisha, fundi wa boti kutoka Kagunga, Fundi Bigirimana, akaingia bandani. Mzee Kiza alikuwa amerudi kazini asubuhi hiyo na hakuwa amepata habari yoyote. Fundi akachungulia pipani.

"Kiza, ndugu yangu, umepika taruma langu."

Taruma ni ubavu wa ndani unaoshika mbao za boti. Mti uliojipinda wenyewe namna ile hupatikana kwa nadra, na fundi alikuwa akiukausha kwa ajili ya boti ya wanawe.

"Limeiva?" akaendelea. "Basi nipakulie, na mchuzi usisahau."

Watu wakacheka. Mzee Kiza hakucheka. Alitazama pale gogo lilipokatwa, akasema, "Banda ni langu. Kosa ni langu." Kisha akanigeukia.

"Uliliona jiwe?"

"Niliona, Mzee."

"Ukasemaje?"

"Nilisema halina maana."

"Ego," akasema, yaani "ndiyo" kwa Kiha, kama mtu aliyekwisha sikia yote aliyotaka kusikia. Akatundika brashi yake msumarini. Wakaondoka pamoja kwenda kutafuta taruma jingine, wakazunguka fukwe mpaka wakalipata. Hakurudi bandani. Alihamia kwenye shamba lake Simbo.

Mimi nilipewa banda zima. Kagunga sikuokota tena hata kijiti, watoto waliniona tu wakaanza kupiga kelele, "Ficheni mawe, mpishi kaja!"

Nilikwenda Simbo mara nyingi. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha. Alinikaribisha, mkewe akanipa chakula, akaniuliza habari za watoto na mvua. Siku moja nilibeba kipande cha mti mfukoni, nikamwomba anioneshe namna ya kunusa. Alikishika, akakigeuza, akanirudishia.

"Kamuulize meneja, Bwana Harusi."

Alisema kwa upole, na habari ya kunusa hakuigusa tena, siku ile wala nyingine, mpaka tulipomzika.

Nimestaafu sasa. Naandaa miti michache ya watu wa mjini wenye matangi sebuleni, na ninyi nawafundisha kubandua, kusugua, kuchemsha na kuloweka. Kunusa sitawafundisha, kwa sababu mimi mwenyewe sijui. Kila gogo nililolitoa tangu Mzee Kiza aondoke nimelijaribu kwa samaki hai, na kila lilipokuwa baya, wamekufa ndipo nikajua.

Hiyo ndiyo gharama ya neno "hapana" nililomjibu meneja. Nilipata cheo, nikampoteza mwalimu, na kazi aliyoijua imezikwa naye Simbo.