Bi Marejeo na Toleo la Wapangaji

Wanafunzi ndio waliombatiza Bi Marejeo, na jina likamganda. Umwandikie sentensi yoyote, hata ya kusema jua linachomoza asubuhi, ataizungushia duara jekundu na kuandika pembeni: "Umeitoa wapi?" Kijana mmoja aliwahi kuandika kwamba binadamu anahitaji maji, akarudishiwa kazi yake na swali hilohilo. Walimcheka, walimwogopa, na walipomaliza masomo ndiye waliyemkumbuka kuliko wahadhiri wote. Nanyi mkitaka kucheka chekeni sasa, maana huko mbele hakuchekeshi.

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido ya ghorofa ya kwanza, karibu na choo, na hakuwa peke yake humo. Yeye na mwenzake waliajiriwa siku moja, wakapewa chumba kimoja chenye meza mbili, birika la umeme na dirisha lisilofunga vizuri. Tangu hapo kila mmoja akamwita mwenzake Pacha. Walikuwa chanda na pete. Funguo za nyumba ya huyu zilikaa kwenye mkoba wa yule. Binti wa Bi Marejeo alimwita Pacha mama mdogo, na si kwa adabu tu. Alipojifungua, Pacha ndiye aliyekesha naye hospitalini wakati mama mtu amebanwa na kusimamia mitihani.

Kitu kimoja tu kilimnyima Bi Marejeo raha, nacho ni cheo. Alikuwa mhadhiri miaka nenda miaka rudi, na alitaka astaafu akiwa mhadhiri mwandamizi. Alibakiza kuchapisha makala moja. Idara ilikuwa na nafasi moja, ambayo Pacha, aliye mdogo kwake kiumri, alishasema hana haraka nayo. Kamati ya kupandisha watu vyeo ingekaa mwakani, na itakapokaa tena Bi Marejeo atakuwa kwake anamwagilia maua. Ilikuwa sasa au basi.

Makala yenyewe alikuwa nayo. Ilihusu ua wa nyumba za kupanga: nani anachota maji kwanza, nani anafagia, nani anagoma kuchangia bili ya umeme kwa sababu yeye hana pasi. Alikaa na wapangaji wakati wa jua na wakati wa mvua, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiandika. Mwenyewe alikulia katika chumba cha kupanga, kitanda cha wazazi kikiwa nyuma ya pazia, kwa hiyo alijua cha kuuliza. Pacha aliposoma rasimu alitokwa na machozi.

"Pacha, hii ndiyo yenyewe," alisema. "Hii ikitoka, nani atakuuliza kitu?"

Hapo ndipo lilipomjia Bi Marejeo wazo la toleo maalumu. Mbona jarida la kitivo lisitoe toleo zima juu ya wapangaji? Akaandika pendekezo: kwa nini mada hii, kwa nini sasa, nani watachangia, na kila hatua itakamilika lini. Akalipeleka kwa mhariri mkuu, mzee mpole ambaye wote walimwita Mzee Hamna Shida, kwa kuwa hakuna jambo alilowahi kulikataa, wala kulifanya.

"Hamna shida," alisema mzee. "Ila wahariri waalikwa wawe wawili. Mmoja akiugua, nitabaki na nani?"

"Nina Pacha wangu."

"Basi mmemaliza."

Eti mhariri mwalikwa. Mwalikwa gani huyo anayepika, akapakua, akaosha vyombo na kufagia ukumbi? Bi Marejeo alitoa wito wa makala, kisha akawajibu watu waliouliza yaleyale yaliyoandikwa kwenye wito. Alitafuta wapitiaji, yaani wasomi wa kuzisoma makala bila kujua aliyeziandika na kusema kama zinafaa. Mmoja alikubali kisha akazima simu. Mwingine, baada ya kukumbushwa na kubembelezwa, alileta maoni yake yote kwa maneno mawili: "Imekaa vizuri." Mwandishi mmoja alileta makala ndefu kama wosia wa tajiri, na alipoombwa aipunguze akaiongeza. Binti mmoja, mwalimu wa sekondari, aliandika upya makala yake mara nne bila kunung'unika, na Bi Marejeo akamshika mkono mpaka ikasimama. Pacha naye alikuwa na mdomo mtamu. Alihudhuria vikao na kulisemea toleo kwa wakubwa. "Wewe fanya, mimi niseme," alikuwa akitania, na Bi Marejeo alicheka naye.

Pacha naye alileta makala, na hizo zao wawili zilisimamiwa na mhariri mkuu, ndivyo utaratibu unavyotaka. Ya Bi Marejeo ilipita kwa sifa. Ya Pacha ilirudi imejaa maswali.

Wiki hiyohiyo Pacha aliingia ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hawakulizoea.

"Pacha, kuna maneno huko nje."

"Maneno gani tena?"

"Kwamba tumejitengenezea toleo ili tujichapishe wenyewe. Si unawajua watu? Nimefikiri sana. Mimi natoa makala yangu. Na wewe toa yako. Tubaki na utangulizi tu, tuwe safi."

Bi Marejeo aliweka kalamu mezani. "Na kamati je? Mimi nimebakiza hiyo moja."

"Nimeshauliza. Ukihariri toleo maalumu inahesabiwa kama makala. Tena zaidi ya makala."

Jamani! Mwanamke aliyemhoji mtoto wa watu ameitoa wapi habari ya binadamu kuhitaji maji, hakumuuliza Pacha hiyo ameitoa wapi. Angemuulizaje, na ni Pacha? Kabla ya saa ya kutoka alikuwa amemwandikia mhariri mkuu kwamba anaondoa makala yake. Alikwenda nyumbani moyo mweupe, akijiona mtu wa haki.

Mitihani ilipoanza, kurasa za mwisho zililetwa zikaguliwe kabla ya kuchapwa. "Nipe mimi," Pacha alisema. "Wewe umezidiwa." Bi Marejeo akampa, pamoja na utangulizi aliouandika mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Toleo likatoka, jalada la kijani. Alilinusa kwanza, kama mama anavyomnusa mtoto kichwani, ndipo akafungua yaliyomo. Makala ya kwanza ilikuwa ya Pacha. Akadhani wachapaji wamekosea. Akaenda kwenye utangulizi, ambao aliujua kama vyumba vya nyumba yake, na humo akakuta mgeni amekaa: "Tunafungua toleo kwa makala ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo msingi wa mjadala mzima, hakuna atakayeandika juu ya wapangaji bila kuanzia hapa." Chini yake yalikuwa majina ya wahariri, na la kwanza lilikuwa lake.

Pacha alikuwa anakoroga chai.

"Pacha, nini hiki?"

"Ah, Mzee alisisitiza. Alisema toleo limekonda. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Si ulikuwa na mitihani?"

Bi Marejeo alipanda ngazi hadi kwa mhariri mkuu. Mzee alivua miwani.

"Mimi nisisitize? Mwenzako ndiye aliyekuja hapa. Alisema umetoa yako kwa sababu umeona haijaiva, na itakuwa aibu wahariri wote wawili wakose. Nikamwambia hamna shida."

"Haijaiva? Alisema hivyo?"

"Kwa masikitiko kabisa, mama."

Hapo ndipo alipoumia. Cheo kingeuma na kupoa. Lakini machozi yale juu ya rasimu aliyaona kwa macho yake, na sasa hakujua yalikuwa ya nini. Aliomba jarida litoe masahihisho, lieleze kwamba maneno yale si yake. Mzee alimwambia kwa upole kuwa wakitangaza hivyo, toleo zima litaingia doa, na wengine wote waliomo nao wataathirika. Bi Marejeo alimkumbuka yule mwalimu wa sekondari aliyeandika mara nne. Akashuka ngazi bila kitu.

Kamati haikupoteza muda naye. Utangulizi si makala, wakasema, na kuhariri ni huduma tu. Nafasi alipewa Pacha. Alihamia ghorofa ya juu, kwenye ofisi ya peke yake yenye dirisha linalofunga. "Birika nakuachia, Pacha," alisema mlangoni, na bado alitabasamu. Binti alipouliza mbona mama mdogo haonekani siku hizi, Bi Marejeo alijibu kuwa kazi zimemzidi.

Katika muhula wake wa mwisho alikuwa anasahihisha kazi ya mwanafunzi, kijana makini, aliyeandika juu ya ua wa nyumba za kupanga. Moyo ulimchangamka. Lakini ukurasa wa kwanza tu ulisema kwamba hakuna anayeweza kuandika juu ya wapangaji bila kuanzia kwenye makala ya mhadhiri mwandamizi wa ghorofa ya juu, ambayo ndiyo msingi wa mjadala mzima.

Alishika kalamu nyekundu akaanza kuzungusha duara. Umeitoa wapi? Kisha akaona kwamba kijana ameshajibu, kama alivyofundishwa: jina la Bi Marejeo, mwaka, ukurasa. Alichukua toleo la kijani akalinganisha neno kwa neno, akitafuta kosa. Hakuliona. Akatia alama ya vema.