Almasi Isiyo na Damu

Juma lililopita nilikuwa komptuari, duka la kununua almasi, hapa Kisangani. Akaingia mchimbaji mzee pamoja na mama aliyevaa nguo nyeusi za kilio. Wachimbaji wetu wana desturi: jiwe likitoka katika shimo lililofukia mtu, haliuzwi bila mjane wake kuwapo.

Mzee alifungua karatasi ya sigara, akalipuliza jiwe, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Mnunuzi alilitazama kwa lenzi yake bila haraka.

“Papa, jiwe iko muzuri sana. Lakini ku Ulaya habataki tena. Sasa banatengeneza almasi mu mashine.”

Mzee alimtazama mama, kisha akauliza polepole, “Bon. Na ile mashine, inafukiaka bantu?”

“Hapana, papa. Njo maana banaipenda.”

Mama hakulia. Alilifunga jiwe mwenyewe katika ile karatasi, akalishika kiganjani, wakatoka.

Matangazo ya ng’ambo huisifu almasi ya mashine kwamba haina damu. Sibishi. Yetu ilikuwa nayo, ya mume wa mama yule, na ilirudi nyumbani bila mnunuzi.