Mtoto wa Saba na Mashine ya Mama

Kompyuta ya steshenari ya mama ilikuwa na tabia za mzee wa kanisa. Ukiiwasha inakohoa kwanza, inanyamaza, halafu ndiyo inaanza kufikiria kama itakusikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa nasema hivyo mbele ya wateja, na mama ndiye aliyekuwa ananifinya chini ya meza. Duka lenyewe liko Mwanjelwa, upana wake hatua zangu nne. Ndani kuna printa, mashine ya laminesheni, boksi la karatasi zilizoharibika, na hiyo kompyuta ya mezani ambayo mama aliinunua ikiwa tayari imechoka.

Niko kidato cha tatu. Likizo ya Juni nakaa dukani kuchapa kazi za watu, na nachapa haraka kuliko mama. Tatizo langu ni mdomo, na mara nyingine vidole. Wiki mbili kabla ya haya ninayosimulia, jirani yetu alileta mwaliko wa kipaimara cha mwanawe nimchapie, na mwishoni nikaongeza mstari wangu: "Kila mgeni aje na kiti chake." Nilidhani atauona kabla ya kugawa. Hakuuona. Watu walikuja na viti. Bibi mmoja alikuja na kigoda kichwani. Mama alicheka peke yake chumbani, nilimsikia, kisha akatoka na uso wa hakimu: "Kuanzia leo chochote unachochapa wewe, nasoma mimi." Mwanjelwa nzima ikajua habari ya viti.

Ijumaa ikaja familia yenye msiba. Walikuwa wawili: mzee mrefu mwenye koti zito, kaka mkubwa wa marehemu, na kijana mwenye miwani, mtoto wa kwanza wa marehemu. Walitaka wasifu, ule unaosomwa kaburini. Mwili ulikuwa unapelekwa Iringa kuzikwa Jumapili. Kijana alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono, nikachapa. Kuzaliwa, kusoma, kufanya kazi, kuugua. Mwisho: "Marehemu ameacha mjane na watoto sita," na majina yao, moja hadi sita. Nikatoa nakala mbili za kukagua. Moja ilitoka imepinda, nikaitupa kwenye boksi. Nyingine kijana akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka kwenda kushughulikia gari.

Hapo ndipo, mama akiwa ametoka kidogo kununua chakula, mwanamke mmoja akasimama mlangoni na mtoto wa kike mwenye sweta la shule. Hakuingia. Alimsalimia mzee, "Kamwene," na kuanzia hapo Kihehe changu kikaishia. Nyumbani kwetu tunachanganya Kinyakyusa na Kiswahili, basi. Lakini kuelewa sikuhitaji kamusi. Mwanamke aliongea chini chini, akamsukuma mtoto mbele kidogo. Mzee akavua kofia.

"Unasoma darasa la ngapi?" akamuuliza mtoto kwa Kiswahili.

"La tano."

"Na baba alikupa jina gani?"

Mtoto akalitaja. Mzee akainama amtazame vizuri usoni.

"Hilo ni jina la mama yangu," akasema, sijui alikuwa anamwambia nani. Kisha akanigeukia. "Binti, futa sita. Andika saba. Huyu mweke hapo mwisho."

Nikaandika. Akaniambia nisome kwa sauti, nikasoma, na yule mtoto akasikiliza kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani. Nikahifadhi. Nilipoagiza printa, mashine ikaganda, kioo kikawa picha tu.

"Acha," mzee akasema. "Mimi naondoka na mwili alfajiri. Kijana atapita kesho saa sita mchana, achukue nakala hamsini. Usije ukasahau, binti."

"Siwezi kusahau, baba."

Sikujua mtu anaweza kutosahau na bado akapoteza.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda Mbalizi kufuata karatasi. "Za msiba kwanza," aliniambia, "ya mdomo baadaye." Nikawasha mashine. Ikakohoa. Ikaonyesha vidoti vyake vinavyozunguka, kioo kikawa bluu, ikajizima, ikajiwasha yenyewe. Vidoti, bluu, giza. Nilihesabu mara tisa. Nikampigia fundi wetu, akasema yuko Chimala, atarudi jioni. "Usiiguse," akaongeza. Saa tatu ilikuwa imeshapita.

Sasa, wenzangu wanatembea na mafuta ya mdomo kwenye begi, mimi natembea na flashi yenye Windows. Shuleni nilishapiga Windows, yaani kuiweka upya kwenye mashine, mara moja, mwalimu akiwa nyuma yangu. Mara moja ukiwa na miaka kumi na sita ni uzoefu wa kutosha. Nikabonyeza bonyeza mpaka mashine ikafunguka kwa ile njia yake ya dharura, picha kubwa kubwa, rangi zimekufa. Pale mbele, mahali pake pa siku zote, palikuwa na folda la mama: KAZI ZA WATEJA. Nikalikokota, nikalidondosha kwenye flashi. Likanakilika kabla sijapepesa jicho. Nikajisifu kwa sauti, duka zima nikiwa peke yangu.

Nikazima, nikawasha kwa flashi. Ikaniuliza niweke wapi. Nikachagua, nikabonyeza fomati. Ikanionya kwamba kila kilichomo kitapotea, nikaijibu, "Najua, mzee." Nikakubali.

Asilimia moja. Asilimia nne. Nilikuwa naimba. Ilipofika sitini na tatu taa ya dukani ikafifia, na friji ya muuza juisi wa jirani ikanyamaza. Ile betri ya kushikilia umeme tulikuwa nayo, ila ilishakufa zamani, mama anaikalia kama stuli. Nikashika meza kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ndiye ninayebeba nguzo za umeme kutoka huko zinakotoka. Baridi ya Juni ya Mbeya unaijua au umesikia. Mimi nilikuwa nalowa kwapani. Friji ikaanza kunguruma tena. Sitini na nne. Sikuimba tena.

Saa nne na nusu mashine ilifunguka safi, nyepesi, kama imetoka kuoga. Saa yake ilisema ni Januari 2005, kwa sababu kale kabetri kadogo ka ndani kalishachoka kukumbuka. Nikacheka. Nikachomeka flashi, nikabonyeza folda la mama mara mbili.

Halikufunguka. Kikatokea kisanduku kinachosema kitu hicho hakipo.

Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa choo. Ndipo nikaona, kwenye kona ya lile folda, kimshale kidogo kilichopinda. Nilikuwa nimekiona miaka yote bila kukitazama. Lile halikuwa folda. Ilikuwa shotikati, ambayo fundi alimwekea mama asihangaike kutafuta. Folda lenyewe lilikuwa limelala ndani kabisa. Ni kama kile kibao cha ukutani kinachosema "Duka limehamia nyumba ya pili." Mimi nilibeba kibao nikakihifadhi vizuri, kisha nikaenda nyumba ya pili nikaichoma moto.

Nilijaribu kufikiria kazi zote za watu zilizokuwemo, barua, mitihani ya shule za jirani, lakini akili ilikataa kwenda huko. Ilirudi kwa yule mtoto mwenye sweta, alivyosimama akisikiliza jina lake. Mzee alikuwa njiani na jeneza. Kijana alikuwa na nakala ya watoto sita mfukoni. Saba ilikuwa ndani ya mashine tu, na mashine ilikuwa inaamini tuko 2005.

Nikampigia fundi.

"Ulifomati?"

"Ndiyo, kaka."

"Na Windows ukaweka juu yake?"

"Ndiyo."

Nyuma yake honi za malori ya Chimala zilikuwa zinalia. "Jioni nitajaribu. Ila usiwaahidi watu."

Mama alirudi na karatasi zake, akaniona, akauliza, "Nani kafa tena?" Nikamwambia yote, bila utani hata mmoja, na nadhani hicho ndicho kilichomtisha. Akakaa kwenye stuli yake ya betri. Nilikuwa najiandaa kupigwa. Hakunyanyua mkono.

"Ya msiba nayo?"

"Nayo."

"Huyo kijana anakuja saa ngapi?"

"Sita."

"Sasa unalia nini, kalete boksi."

Tukalimwaga sakafuni. Nakala iliyopinda ilikuwa chini kabisa, ina alama ya kiatu changu juu ya jina la marehemu. Nikaanza kuchapa upya, vidole vikigongana. Programu ya kuandikia nilikuwa nayo kwenye flashi, lakini printa mashine haikuitambua, wakatazamana kama wakwe. Bando la mama lote likaishia kuwatambulisha. Nilipofika mwisho nikaandika saba, nikaandika jina. Nikahifadhi, na mashine ikaandika pembeni tarehe yake: Januari 2005. Kwa hesabu yake marehemu alikuwa hai na yule mtoto hajazaliwa.

"Hapa pameandikwa sita," mama akasema, kaishika ile iliyopinda. "Saba umeitoa wapi?"

"Mzee aliniambia, mama. Kijana alikuwa ameshatoka."

"Nitazame."

Nikamtazama.

"Hii siyo ya viti?"

"Siyo ya viti, mama."

Akapiga simu ya yule mzee, namba aliyotuachia Ijumaa. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Huko njiani kuna sehemu mtandao unakwenda kulala. Akavuta pumzi, akaweka rimu kwenye printa.

Kijana alikuja saa sita kasoro, macho mekundu nyuma ya miwani. Mama akampa pole, mimi nikampa shikamoo ingawa hakuwa wa shikamoo. Akachukua nakala ya juu, akasoma, akafika chini. Akatoa ile ya mfukoni, akaziweka pamoja.

"Nani kawaambia saba?"

"Baba yako mkubwa, kaka," nikasema. "Jana, ulipotoka."

"Yule mwanamke alikuja hapa?"

Macho yangu yakaenda mlangoni, pale alipokuwa amesimama.

"Nionyeshe faili la jana. Lina saa, lina tarehe. Nionyeshe."

Hapo ndipo niliposikia hofu ya kweli, ile isiyohusu kupigwa. Lile faili lingesema lenyewe: limehifadhiwa Ijumaa, mzee akiwa amesimama hapa. Badala yake nilikuwa na faili la 2005.

"Mashine iliharibika," nikasema. "Nimeipiga Windows upya."

"Leo?"

"Leo."

Akacheka bila kufurahi. "Wewe si ndiye wa viti?"

Mama akasimama. Mama yangu ni mfupi, akisimama hakuna kinachobadilika sana, lakini kijana alirudi hatua moja.

"Ndiye wa viti," akasema. "Na ile nilimfinya. Hii mzee wako ndiye aliyeitoa, na mimi namwamini mtoto wangu. Ukitaka sita, mwanangu, steshenari ziko nyingi, tembea na ile yako ya mfukoni. Hapa inatoka saba."

Nilidhani atazichana. Alizitazama, akatazama saa yake, kwa kuwa gari lilikuwa linamsubiri, akazikusanya zote hamsini akazigonga mezani zikae sawa.

"Msomaji ni mimi," akasema mlangoni.

Hiyo sentensi nililala nayo siku tano. Fundi alikuja jioni ile, akajaribu, akapata picha tatu za pasipoti na barua nusu. Jumapili kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nasimama kaburini Iringa ambako sijawahi kufika, namsikiliza mtu mwenye miwani akihesabu. Kila akifika sita, nafungua macho.

Alhamisi yule mtoto alikuja peke yake, na sweta lake lile lile. Alitoa daftari, ndani ya daftari karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nataka kuwekewa laminesheni."

Nikaifungua. Ilikuwa ya kwetu. Nilitaka kuuliza kwa namna ya mzaha, sikuweza.

"Nani alisoma?"

"Kaka."

"Yote?"

"Alisoma mpaka wa sita, akanyamaza. Baba mkubwa alikuwa amegawiwa karatasi yake, akamwambia, 'Bado mmoja.' Akasoma."

"Alisomaje?"

Akafikiri. "Kwa sauti ndogo. Lakini kulikuwa na spika."

Mama aliinama ghafla kutafuta kitu chini ya meza. Nikainyoosha ile karatasi kwa kiganja, mikunjo yote minne, nikaitia kwenye plastiki yake. Mashine yetu ya laminesheni siku nyingine inameza karatasi na kuitafuna, na huyu mtoto hakuwa na nyingine.

"Mama, weka wewe."

"Weka wewe," mama akasema kutoka chini ya meza.

Nikaielekeza mdomoni mwa mashine, ikaishika, ikaanza kuivuta polepole. Mimi na yule mtoto tukahamia upande wa pili, tukainama, tukangoja ianze kutoka.