Pointi za Tiketi ya Mwanza

Agnela, ambaye mtaa wetu mzima wa Kijenge tulimwita Mama Sia, hakujua kusema hapana. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimsimulia huanza na kadi ya benki, kana kwamba kadi ilimkuta mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa na duka la mapazia na mashuka karibu na soko kuu, alilolifungua miaka ile biashara ilipolegezwa na mtu akaweza kuleta kitambaa kutoka Nairobi bila kukificha chini ya magunia ya vitunguu. Kwa duka hilo alimsomesha mtoto wake mmoja, Sia, mpaka akawa nesi. Lakini ukimpelekea kadi ya mchango, iwe ya harusi, iwe ya kipaimara cha mtoto asiyemfahamu, alifungua droo kabla hujamaliza kueleza. Mimi nilikuwa na duka la steshenari mlango wa tatu kutoka kwake na kadi hizo nilizichapa mwenyewe, kwa hiyo najua alipokea ngapi.

Mwaka 2008 Sia alikuwa ameolewa Mwanza. Mumewe alifanya kazi mgodini, wiki sita huko, wiki mbili nyumbani. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ya tatu iliposhika daktari alimwambia alale, asinyanyue hata ndoo, na ikifika Novemba awe na mtu mzima ndani ya nyumba. Mama mkwe alishafariki. Mtu huyo alikuwa mama yake au hakuna.

Sasa, Mwanza kwa basi ni kutwa nzima na zaidi, na Agnela hakupanda basi la mbali tangu ajali ya mwaka 1999 iliyomwachia chuma kwenye nyonga. Akikaa kitini saa mbili, machozi humtoka yenyewe. Ilibidi ndege. Na tiketi ya ndege, kwa mtu ambaye faida yake yote iko kwenye harusi za watu, ilikuwa mbali kama mwezi.

Ndipo akaja kijana wa benki, Koikai, mtoto wa wafugaji wa kule Kisongo, tai shingoni na fomu kwapani. Alikuwa akizunguka kwenye maduka akieleza kadi mpya za mkopo: unanunua leo, unalipa mwisho wa mwezi, na kila unaponunua unapata pointi. Kulikuwa na tatu. Ya kwanza ilitoa pointi nyingi kwenye vituo vya mafuta, ya pili kwenye supamaketi, ya tatu ilitoa pointi kidogo kwa kila kitu, ila hizo ziligeuka tiketi ya ndege. Agnela aliniita nije kusikiliza, maana mimi ndiye niliyejiona ninayajua makaratasi.

Koikai hakuwa na haraka ya kuuza. Aliamkia, akakaa, akamwomba Agnela amtajie matumizi yake ya miezi mitatu, yote, bila aibu. Niliandika mimi. Chakula kilikuwa kidogo. Gari hakuwa nalo. Nauli, umeme, kodi ya duka. Halafu ikaanza michango, na mkono ukaniuma kuandika. Kijana aliitazama karatasi kwa muda, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

“Mama, kadi mtu huichagua kwa kuangalia pesa yake inakwenda wapi, siyo yeye anatamani kwenda wapi. Yako inakwenda kwa watu, taslimu, mkononi. Hakuna kadi inayotoa pointi kwa hiyo. Mimi ningekuwa wewe nisingechukua hata moja.”

Fikiria, kijana anayelipwa kwa kila fomu anasema hivyo. Ningekuwa na akili ningemuunga mkono. Badala yake nikaona njia, na nikaisema. Kama pesa ya Mama Sia iko kwenye harusi, basi harusi zije kwenye kadi. Awe mweka hazina wa kamati. Watu wanachanga taslimu, yeye analipia vinywaji na ukumbi kwa kadi, kisha taslimu ile inakwenda kulipa benki, na pointi zinabaki kwake. Haba na haba hujaza kibaba. Agnela alinitazama kama nimemfungulia dirisha, akachukua kadi ya ndege.

Koikai alimweleza sharti moja, akalirudia mara mbili. Pointi hazigeuki tiketi mpaka deni la mwezi liwe limelipwa lote, hata ikibaki shilingi elfu moja.

Harusi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili vizuri zaidi. Nani angekataa mweka hazina ambaye haibi, ana daftari safi, na anaweza kumlipa mwenye ukumbi kabla michango haijatimia? Alisifiwa mpaka kanisani. Alipita dukani kwangu kila Jumatatu kuniambia pointi zimefika ngapi, na alipofika kwenye namba alishusha sauti, kama anataja umri wa mtu. Mwishoni mwa Septemba ilibaki harusi moja tu pointi zitimie tiketi.

Ilikuwa ya binti wa Thomasi, fundi magari wa mtaani kwetu, na kamati ilikuwa ya watu arobaini. Mwenyekiti alikuwa Aminiel, mstaafu wa halmashauri, mpenda hotuba. Agnela alipeleka kadi kwa mwenye stoo ya vinywaji, akapeleka ukumbini, akapeleka kwa mpika keki. Kadi ikafika kikomo. Pointi zilitosha tiketi na zikabaki za chenji. Kilichobaki ni watu kutoa walichoahidi.

Hapa lazima niwaeleze wasiotujua. Kwetu mtu anaahidi mwezi wa kwanza na kulipa wiki ya mwisho, na anayetaka heshima halipi kwa mweka hazina dukani. Anasubiri kikao cha mwisho, anatoka mbele na bahasha, jina linasomwa, makofi yanapigwa, mke wake anatazama kushoto na kulia. Walioahidi bila kulipa hawasomwi. Hilo halijaandikwa popote, lakini kila mtu analijua. Kusoma jina la mdaiwa mbele za watu ni kumvua nguo.

Mimi niliahidi laki moja na nusu. Zilikuwa kwenye bahasha, ndani ya droo ya dukani kwangu, tangu katikati ya Oktoba. Nilikuwa nangoja makofi yangu.

Jumatatu ya wiki ya harusi, mwanzoni mwa Novemba, Sia alipiga simu. Nilikuwepo. Alikuwa ameona damu kidogo. Daktari alisema mtoto anaweza kuja mapema, na mumewe asingetoka mgodini mpaka tarehe ishirini. Hakulia. Alisema tu, “Mama, njoo wiki hii.” Agnela alijibu kwamba anakuja, akakata simu, akafungua daftari. Ahadi kumi na nane zilikuwa hazijalipwa.

Alianza kuzunguka siku hiyo hiyo, na nyonga yake ile. Alifika mtaa wa Kwa Mrombo, akapanda mpaka Nkoaranga kwa shemeji wa Thomasi, kwenye vile vijia vya mteremko. Kila mahali alikaribishwa chai. Kila mahali aliambiwa asiwe na wasiwasi, ahadi ni deni, Alhamisi kwenye kikao atapewa. Hakusema kwa nini ana haraka. Nilimuuliza kwa nini hasemi, akanijibu kwamba akisema, watu watadhani kadi ile ilikuwa ya kujinufaisha na harusi ya mtoto wa mtu. Nilimwambia basi akate tiketi kwa taslimu iliyokwisha kukusanywa, benki itangoja. Alinitazama kwa ukali ambao sikuuzoea. Pesa ya watu, alisema, haiguswi mpaka imefika ilikotumwa.

Jambo moja silipati mpaka leo. Nilikuwa nimesimama pale dukani kwangu, najua yote, na bahasha iko hatua tatu kutoka kwangu. Haikunijia kuitoa. Naapa haikunijia. Kwangu zile zilikuwa za Alhamisi.

Alhamisi jioni ukumbi mdogo ulijaa. Nilivaa kitenge kipya. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba, nimeikunja upande ili jina lionekane. Aminiel aliomba sala, akaanza hotuba ya jinsi kamati yetu ilivyo ya mfano. Kabla hajafika katikati Agnela alisimama. Hakuomba nafasi. Alishika daftari kwa mikono miwili.

“Samahani, mwenyekiti. Nasoma ambao hawajalipa.”

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni utani. Kisha akasoma.

“Penina Sumari, laki moja na nusu.”

Penina Sumari ni mimi.

Sijui kwa nini alianza na mimi. Nimelifikiria mpaka nikachoka. Labda aliona kwamba akimsoma rafiki yake kwanza hakuna atakayesema anaonea mtu. Labda alidhani mimi ndiye nitakayesimama upesi, kwa sababu nilijua, na nikisimama mimi wengine watafuata. Lakini pale sikufikiri lolote kati ya hayo. Kiti cha mbele yangu mke wa Aminiel aligeuka akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. Agnela aliendelea, wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na nane, kila mtu na kiasi chake, na alipomaliza alisema mtoto wake yuko hatarini Mwanza, na kwamba anazihitaji pesa hizo kesho. Akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Thomasi mwenyewe, baba wa bibi harusi, aliinamisha kichwa. Mtu wa kwanza alitoka mbele, akaweka pesa mezani bila bahasha. Akafuata mwingine. Mimi nilifunga zipu ya mkoba, nikatoka nje na bahasha yangu, nikatembea mpaka nyumbani kwa hasira nikizungumza peke yangu barabarani. Nilijiambia kwamba nitalipa, sitakuwa mdaiwa wa mtu, lakini nitalipa nikipenda mimi.

Ijumaa watu walimpelekea dukani, wengine wamenuna, wengine wamewatuma wake zao. Kufika saa kumi walikuwa wamelipa kumi na saba. Alinitumia meseji: “Dada, imebaki yako tu.” Niliisoma. Niliilaza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea kukata kadi za ubatizo za mteja. Jumamosi asubuhi alikuja mwenyewe. Nilimwona kupitia dirishani anavuka barabara akichechemea, nikamwambia msichana wangu aseme nimekwenda Usa River. Alisimama mlangoni kidogo. Aliniachia salamu. Baadaye nilisikia kwamba droo yake mwenyewe ilikuwa tupu, akajaribu kukopa kwa mwenye stoo na kwa jirani yake wa sokoni, lakini siku ya harusi kila mtu alikuwa ameshatumia. Saa sita benki ilifungwa.

Harusi ilipendeza. Vinywaji vilibaki.

Jumatatu asubuhi hasira ilikuwa imepoa, kama inavyopoa kwa kila mtu akishalala vizuri siku mbili. Nilimpelekea bahasha. Hakunisema. Alizihesabu, akaandika risiti, akasema asante dada, akafunga duka akaenda benki. Koikai alimshughulikia mwenyewe, na tiketi ikatoka ya Jumanne asubuhi. Jioni hiyo nilimsaidia kufunga sanduku. Aliweka khanga sita, unga wa ndizi wa kupikia mtori, supu ya mzazi, na kofia ya mtoto aliyoifuma yeye, ya manjano, kwa kuwa hakujua kama ni wa kike au wa kiume.

Alikuwa wa kike. Alizaliwa usiku huo wa Jumatatu, wakati sanduku liko tayari mlangoni. Sia alishikwa na uchungu peke yake ndani ya nyumba, akatambaa mpaka kwa jirani, na jirani akatafuta gari. Mtoto aliishi mpaka karibu na mapambazuko. Ndege iliondoka saa nne.

Agnela alikaa Mwanza mwezi mmoja na nusu. Aliporudi sikwenda siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya tatu nilikwenda na maziwa, nikamkuta ameketi uani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, na yote yakapotea. Nikalia tu. Aliniacha nilie, akanimiminia chai.

“Sia aliniuliza swali moja,” alisema. “Aliniuliza, mama, ulikuwa unangoja nini.”

Nilimuuliza alimjibu nini.

“Nilimwambia nilikuwa nangoja tiketi. Sikumtaja mtu.”