Mama Mkwe kwenye Njia Panda

Mwaka wa 1938, malori ya mgodi yalipozidi kugonga watu kwenye njia panda karibu na Tiira, Mzungu wa barabara alimwajiri Wandera asimame pale na kibao kirefu, upande mmoja mwekundu, wa pili kijani. Malori yakionyeshwa wekundu, watu wa miguu huvuka. Watu wakionyeshwa wekundu, hungoja. Wandera hakukigeuza kabla ajuza wa mwisho mwenye mtungi hajafika ng'ambo, dereva apige honi mpaka achoke.

"Wandera, huyo ni mwanamke ama kobe?" dereva Oguttu alizoea kumpigia kelele.

"Ni mama yako. Mngoje."

Lakini alikuwako mtu ambaye kibao hakikumfaa. Benedeta, mama wa mkewe Taaka, alipita pale kila siku ya soko. Enzi zile mkwe alikuwa mkwe. Mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakuitana jina, hawakugusana hata ncha ya kidole. Sasa mama huyu angevukaje, na wa kutazamwa ni mkwewe? Alifika ukingoni, akageuka, akajifunika shuka, akasimama hata wenzake wakavuka na kurudi.

Alungat, muuza ndizi wa kando ya barabara, akacheka. "Mama Taaka, leo utalala hapa! Mkweo anakupa njia, wewe unampa mgongo!"

"Heri nilale," Benedeta akajibu, "kuliko nimvunjie mkwe wangu heshima."

Wandera alisikia, akanunua firimbi Busia. Milio miwili mifupi, vukeni. Mmoja mrefu, ngojeni. Benedeta akawa anavuka uso kando, kwa masikio tu. Hata mzee Bartholomew, aliyekuwa kipofu, aliacha kushikwa mkono. Miezi mitano hakugongwa hata kuku.

Kisha Mzungu akaja, akasema firimbi ni ya polisi, akaitia mfukoni. Wandera alimweleza habari za mama mkwe. Mzungu alicheka.

"Mwambie akutazame. Sura yako si mbaya."

Ikabidi Wandera amtume Taaka kwa mama yake: asivuke mpaka Alungat amwambie. Lakini siku ya soko iliyofuata Alungat hakuja. Mwanawe alishikwa na homa. Benedeta alisimama ukingoni peke yake, amejifunika, anasikiliza. Kibao kiliwaonyesha watu upande mwekundu, na lori la Oguttu lilikuwa likiteremka kilima. Wanaume watatu wa mgodini, wenye haraka zao, wakavuka mbio mbele yake. Benedeta alisikia miguu ya watu. Akashuka barabarani.

Wandera akafungua kinywa. Amwite nani? Jina lile halijawahi kupita mdomoni mwake. Lori likazidi kukaribia. Kisha akatupa kibao, akaruka, akamshika mkono. Lori lilikuwa limekwisha kumfikia.

Alimbeba mwenyewe hadi zahanati. Nyonga ilikuwa imesagika, lakini njia nzima mama yule alihangaika na jambo moja: kuvuta shuka limfunike uso. Alikufa kabla jua halijatua.

Mila ilikuwa hivi: aliyemgusa mama mkwe huchinja mbuzi, wakamla wote wawili, kila mmoja upande wake, na aibu ikaisha. Wazee walikaa, wakashindwa. Upande wa pili nani angekula? Wandera akakatazwa kuingia matangani. Siku hizi vijana wanakula sahani moja na mama wakwe zao, wanataniana, wanayaita maendeleo; hakuna anayejua uzito wa kusimama nje ya ua siku tatu ukisikia mkeo akilia.

Siku ya tatu Taaka alitoka, macho yamevimba.

"Ulimwona akishuka?"

"Nilimwona."

"Mbona hukumwita?"

"Ningemwita nani, Taaka?"

Taaka alilijua jibu, kwa kuwa yeye naye alifunzwa mila ile na mama yake. Hata hivyo alirudi ndani ya ua, na Wandera akaenda nyumbani peke yake.