Mkaja wa Siku Arobaini

Siku ya tatu baada ya kujifungua, mama mkwe alinilaza mkekani, akachukua mkaja wa shuka nyeupe, akauzungusha tumboni mwangu mara nne, kisha akakanyaga nyonga yangu kwa mguu ili apate nguvu ya kuvuta. Hivyo ndivyo wanavyomfunga mzazi kwenye ukoo wa mume wangu, na wanajivunia. Siku arobaini sipiki, sifui, sitoki. Nakunywa uji, nanyonyesha, nafungwa. Mimi mwenyewe ni Mnubi, nimekulia katika mila hizo hizo, kwa hiyo sikuuliza kitu.

Mtoto alikuwa na kilo nne na ushei, na nilimsukuma kwa saa nyingi mpaka nikachanika, nikashonwa. Nilipotoka hospitali nilipewa kadi ya chanjo za mtoto, tarehe ya kumpima mtoto, na maelezo ya kusafisha kitovu cha mtoto. Kuhusu mimi waliniambia nisilale na mume wangu kwa wiki sita. Basi. Hayo ndiyo yote waliyokuwa nayo juu ya mwili uliofanya kazi ile.

Wiki ya pili mkojo ukaanza kunitoka. Tunakaa Katwe, nyuma ya karakana za vyuma, na Katwe ni mahali pa kupiga chafya: vumbi la msasa, moshi wa kuchomelea, rangi ya kupuliza. Kila chafya, kidogo. Nikikohoa, kidogo. Nikimwinua mtoto, kidogo. Nilimwambia mama mkwe, naye hakushangaa hata chembe. Hilo lilipaswa kunishtua.

"Mutoto yangu, wewe si wa kwanza kuzaa," alisema. "Tumbo iko wazi, ndio maana. Tunafunga zaidi."

Akakanyaga, akavuta. Nilihisi kila kitu ndani kikishuka. Ukilikaza gunia katikati, vilivyomo vinakwenda chini. Mimi nauza vitambaa sokoni Nakivubo, nimefunga marobota nusu ya maisha yangu, nalijua hilo vizuri. Lakini nilikuwa na adabu. Adabu imenigharimu sana hapa duniani.

Siku ya arobaini walinifungua, nikaoga, nikafukizwa udi, majirani wakala pilau. Adhuhuri nikasimama kuswali kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Nilipoinuka kutoka kwenye sijda, nikalowa. Nikaenda kutawadha upya, nikarudi, nikasujudu, nikalowa. Mara ya tatu nilikaa juu ya mswala nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Katika siku yangu nzima kuna kitu kimoja tu kisicho cha mtoto, wala cha mume, wala cha mteja, nacho ni zile rakaa. Nikaapa kwamba Idi itakaponikuta, nitaswali safu ya mbele na wanawake wenzangu, mkavu. Mama mkwe yeye huswali juu ya kiti, nyuma kabisa, karibu na mlango. Anasema ni magoti.

Mume wangu alimuuliza shehe. Shehe akajibu vizuri: mwenye maradhi hayo avae kitambaa, atawadhe kila wakati wa swala unapoingia, aswali, na swala yake ni sahihi. Nilishukuru. Lakini kumbe yana jina, yanaitwa maradhi! Mbona basi muuguzi wa zahanati alicheka nilipomweleza? "Mama nnyabo, umezaa," alisema. "Ulifikiri utabaki kama musichana?"

Nikarudi sokoni na mkaja nimejifunga mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa sababu marobota ni mazito na nilidhani unanisaidia. Nilikuwa naharibu kwa bidii. Mteja mmoja aliniona nimebana miguu huku nikikohoa, akasubiri wengine waondoke, akaniambia kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayetibu jambo hilo. Nilimkodolea macho. Linatibiwa?

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyekulia kwenye nyumba za polisi Nsambya, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko.

"Nionyeshe vile unakaza," alisema.

Nikavuta pumzi, nikabana tumbo kwa nguvu zangu zote.

"Banange! Hiyo ni kusukuma chini. Wacha tumbo, pumua. Kaza kule chini kama unazuia mukojo na hewa pamoja, inua ndani, hesabu tano. Sasa achilia yote." Akauona mkaja. "Na hii, nani alikufunga?"

"Mama mkwe."

"Mwambie asante, halafu utoe."

Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kabla ya kupiga chafya, kaza. Kabla ya kubeba, kaza. Miezi mitatu, usikate tamaa. Ndiyo dawa hiyo! Nilikuwa naifanya nimesimama, napima kitambaa, mteja ananibishia bei, wala hajui. Na kadiri nilivyozidi kukauka, ndivyo nilivyozidi kuwaka. Nilizungukwa na wanawake waliozaa. Walinifundisha kunyonyesha, kupika uji, kumtoa mtoto upepo tumboni. Hili wakalinyamazia wote, kana kwamba wamekula kiapo.

Idi ilinikuta safu ya mbele. Nilisujudu, nikainuka, nikasujudu, nikainuka. Mkavu. Ningepiga kelele kama si pale mahali pa swala.

Nilirudi nyumbani na nguo zangu za sikukuu, nikamkuta mama mkwe ametangulia, anafua uani. Nikamwambia yote, na sikushusha sauti. Kwamba ule mkaja uliniumiza, na kukaza ndiko kulikonikausha. Kwamba nilimlilia naye akavuta zaidi. Kwamba alijua, mtu asiyejua hushangaa, naye hakushangaa. Sijawahi kumsemesha mkubwa wangu hivyo, na sikuona aibu.

Aliendelea kukamua. Ndipo nikamwangalia. Alikuwa amechutama kando ya beseni, visigino vimegusa chini, magoti yamekunjika kabisa kama ya msichana. Na alivyokuwa anafua ni vitambaa vyeupe, vidogo, vimechakaa. Mtoto wangu anavaa pampasi.

"Ile ya kukaza," alisema bila kuinua macho, "nafanya namna gani?"

Hasira yangu yote ikabaki mkononi, sina pa kuiweka. Nikachutama mbele yake.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu nazaa bwana yako."

Mume wangu ana miaka thelathini na sita.