Baba alitaka hoteli iishe kwanza ndipo Mama aione bahari

Wakuu, habari zenu.

Kuna ndugu aliuliza humu hoteli za Diani zilianzaje, watu wakaanza kubishana kuhusu wawekezaji na mashamba. Mimi sina habari za wawekezaji. Nina habari za fundi mmoja wa Shauri Moyo aliyekuwa baba yangu. Sitaongeza chumvi. Kama ningeweza, hata ningepunguza.

Jina la hoteli nitaliacha.

Katikati ya miaka ya sabini tuliishi chumba kimoja, si mbali na soko la nyama la Burma. Upepo ukigeuka tulikula ugali na harufu ya nyama za wengine. Baba, Kilonzo, mtu wa Machakos, alikuwa anachonga. Si vitwiga vya watalii tu, alichonga milango, vitanda na nguzo. Mama alikuwa na cherehani mlangoni, anashona yunifomu za shule. Mtoto nilikuwa mimi tu, Mwende.

Siku moja mama mmoja mzungu, mjane, alifika pale Baba na wenzake walipokuwa wakichongea. Alikuwa na vibanda kumi na viwili vya makuti kwenye ufuo wa Diani, akitafuta fundi wa milango. Baba akaenda.

Wakuu, hiyo ndiyo ilikuwa hoteli yote. Vibanda kumi na viwili. Taa za mafuta, maji ya kisima, wapishi wanatembea peku. Hakukuwa na ukuta wala geti. Wanawake wa kijijini walipita katikati na ndoo zao kichwani na hakuna aliyewauliza wanaenda wapi.

Baba alikuwa akikaa huko miezi mitatu, anakuja nyumbani wiki mbili. Kila akija ana ripoti, na Mama anaacha kushona ili asikilize.

Mara ya kwanza wamenunua jenereta.

Halafu wanachimba bwawa la kuogelea.

"Bwawa?" Mama akauliza. "Si ulisema bahari iko hapo mlangoni?"

"Iko."

"Sasa imewafanya nini?"

Baba alicheka mpaka akakohoa.

Halafu likaja jengo la ghorofa tatu. Mabasi yakaanza kuleta Wajerumani kutoka airport. Baba akapewa kazi kubwa kuliko zote, nguzo nane za mvule za kusimama mapokezini. Zilimchukua karibu mwaka mzima.

Mama alikuwa hajawahi kuona bahari. Kila mara alisema, "Nipeleke basi." Na kila mara Baba alikuwa na jibu. Kwanza, huko ni vibanda tu, utaenda kulala na mbu? Halafu, ngoja wamalize bwawa. Halafu, ngoja nguzo zisimame.

Haikuwa ubahili. Naomba mnielewe hapo. Alitaka Mama aingie mahali pazuri, aguse nguzo na kusema, hii ni kazi ya mume wangu.

Kisha yule mjane akazeeka, akauzia kampuni, akarudi kwao. Kampuni ikajenga ukuta.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini miguu ya Mama ilianza kuvimba. Kutoka bombani hadi mlangoni kwetu alipumzika mara mbili. Daktari akasema ni moyo. Baba alipokuja akamwona amesimama na ndoo, mkono ukutani, akasema palepale, "Desemba tunaenda."

Mama alijishonea gauni la buluu lenye mifuko miwili mikubwa. Nikamuuliza mifuko ya nini. Akasema ya kuwekea makombe ya baharini.

Tulipanda treni, third class, tukafika Mombasa asubuhi. Tukavuka feri, tukapanda basi, tukafika getini saa sita kasoro. Askari alikuwa Mzee Mwakio, aliyemfahamu Baba tangu wakati wa makuti.

"Fundi, karibu. Na hawa?"

"Mke wangu na binti yangu."

Mwakio akaangalia chini. "Fundi, unajua mambo yalivyo. Wewe pita mlango wa wafanyakazi. Hawa siwezi."

"Niitie meneja."

Meneja alikuja, kijana mwenye tai, mmoja wetu, si mzungu. Aliongea kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza zaidi.

"Mzee, nikimruhusu mmoja itabidi niruhusu wote. Kuna njia ya umma, fuateni ukuta mpaka mwisho."

"Ni mgonjwa," Baba akasema. "Kupita hapa ndani ni hatua mia tu."

"Pole sana, mzee."

Mama akamshika Baba mkono. "Twende hiyo ya umma."

Ile njia ilikuwa kama kilomita mbili, na jua lilikuwa la utosini. Mama alipumzika mara tatu. Mara ya nne akakaa juu ya jiwe, akafumba macho.

"Naisikia," akasema.

Nasi tuliisikia, upande wa pili wa ukuta, pamoja na watoto waliokuwa wakiruka bwawani.

"Nitakubeba," Baba akasema.

"Hapana, Baba Mwende. Nimechoka. Turudi."

Mama alifariki mwezi wa tatu. Tulimzika Machakos.

Mwezi wa nne Baba akarudi kazini kwenye hoteli ileile. Nilikuwa form three, na nilimchukia, sitadanganya. Niliona hana aibu. Barua zangu zilikuwa mistari miwili, za mahitaji ya shule tu.

Miaka miwili baadaye alirudi Shauri Moyo moja kwa moja, na patasi zake kwenye gunia. Alasiri moja tulikuwa tunachambua maharagwe, akasema bila kuniangalia:

"Mwende, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangazo lilibandikwa pale tulipokuwa tukila, miezi kabla hatujasafiri. Familia za wafanyakazi haziruhusiwi. Nililisoma. Nikasema hilo ni la wengine, mimi ndiye niliyechonga nguzo."

Akaokota kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa.

"Na miaka yote ile ya makuti angeingia tu. Yule mjane angempa hata chai. Mimi ndiye niliyesema hapajawa pazuri."

"Mama hakukulaumu," nikamwambia.

"Najua. Afadhali angenilaumu."

Tukaendelea na maharagwe. Tangu siku hiyo niliongea naye vizuri hadi alipofariki, lakini habari za Diani hatukuzigusa tena.

Nilichojifunza ni hiki, wakuu. Mtu wako akikuomba umpeleke mahali, mpeleke hivyo hivyo palivyo. Usingoje papendeze. Na usidhani kwamba nyumba ya mtu itakutambua kwa sababu mikono yako iko ndani yake.

Mimi bahari niliifikia nikiwa na watoto wangu, ufuo mwingine kabisa. Niliwaambia wakimbie majini. Nikabaki nimekaa mchangani na viatu miguuni.

Kama mzazi wako alifanya kazi kwenye hoteli hizo za zamani, niambie hapa chini: je, nyinyi mliwahi kuingia? Nitasoma zote, hata kama nitachelewa kujibu.